Chenji ya Rada Haitoshi, Tunataka Mkataba wa Uadilifu Kabla ya Zabuni



Leo siongelei uchaguzi, wala nani kahama chama, wala nani kapost nini jana usiku. Naomba bando lako kidogo tuongee zabuni. Najua neno lenyewe linaleta usingizi. Hata mimi mpaka miaka miwili iliyopita nilikuwa nikisikia "ununuzi wa umma" nahamia kwenye matokeo ya mpira. Lakini viongozi wa serikali wenyewe wamekuwa wakirudia kwamba karibu asilimia 70 ya bajeti ya nchi inapitia kwenye ununuzi. Yaani barabara, dawa, madawati, magari, mafuta, hata karatasi ya choo ya ofisi ya mkurugenzi. Sasa wewe ukishinda unapiga kelele kuhusu posho za wabunge halafu hujui zabuni inavyotoka, unalinda mlango wa mbele wakati mwizi keshazoea wa nyuma.

Niwaambie jinsi nilivyoamka.

Tuna kikundi chetu, vijana sita, tunafanya uselemala na uchomeleaji. Mwenyekiti wetu ni dada mmoja fundi wa chuma, na kwa kweli ndiye anayejua kazi kuliko sisi wote. Halmashauri yetu (siitaji, bado tunaishi hapa na bado tunatafuta kazi hapa) ikatangaza zabuni ya madawati 240. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi iende kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Tukasema hii ndiyo yetu. Tukashughulikia usajili kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, tukaingia kwenye mfumo wa NeST, tukapandisha nyaraka zote, mtandao unakata, tunarudia. Bei yetu ilikuwa Sh68,000 kwa dawati. Humo mna bomba, mbao, rangi, umeme, usafiri, na faida ya Sh4,000 kwa kila dawati. Faida yote kwa kazi nzima ni Sh960,000. Kwa watu sita. Tulifurahi kama tumeshinda bahati nasibu.

Siku chache baadaye nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Nikaamkia, "Shikamoo mkubwa." Akaitikia, akaniuliza hali ya nyumbani, akasifia nyaraka zetu. "Dogo, mmeandika vizuri sana, mko juu. Sasa mmejipangaje?"

"Kujipanga vipi, mkubwa?"

Akacheka. "Unataka nikufundishe kazi? Kuna wazee hapa wanahitaji maji ya kunywa. Ile kawaida tu."

Ile kawaida ni asilimia kumi. Asilimia kumi ya Sh16,320,000 ni Sh1,632,000. Rudi juu uangalie faida yetu. Ili tulipe hayo maji ya kunywa ilibidi tutafute zaidi ya laki sita na nusu nyingine, na hizo hazipo popote isipokuwa kwenye dawati lenyewe. Unanunua bomba nyembamba zaidi. Unachukua mbao mbichi. Unapaka rangi mkono mmoja badala ya miwili. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia rushwa ni hela inayotoka mfuko huu kwenda mfuko ule, namwambia hapana, rushwa inaingia kwenye bomba.

Tukakaa kikao. Wanne walikataa kutoa, wawili wakasema tutoe, tupate jina, kesho tutafanya kwa haki. Nami nilikuwa mmoja wa hao wawili. Naandika hivyo kwa sababu humu mtandaoni kila mtu ni msafi, na mimi sitaki kuandika makala nyingine ya mtu msafi. Hoja yangu siku ile ilikuwa rahisi: tusipotoa sisi, atatoa mwingine. Dada mwenyekiti akaniuliza, "Na wewe ukikaa kwenye hilo dawati?" Sikuwa na jibu. Tukakataa. Baada ya muda tukajulishwa kwamba hatukukidhi vigezo.

Muhula mmoja haujaisha, mwalimu mkuu wa shule moja katuita. Madawati yamelegea, miguu imepinda, anaomba tuyachomelee kwa hela ya michango ya wazazi. Tukaenda. Mwenyekiti akashika bomba moja, akalibonyeza kwa kidole gumba, akaniangalia. Hakusema kitu.

Sasa kinachoniuma mpaka leo ni kwamba ndani ya zile nyaraka za zabuni kulikuwa na fomu ya kupinga rushwa, na tuliisaini. Si utani. Nyaraka za zabuni za nchi hii kwa miaka mingi zimekuwa na tamko ambalo mzabuni anaahidi hatatoa hongo. Na mshindi naye alisaini hilohilo. Lakini soma vizuri nani anaahidi: ni muuzaji tu. Yule aliyenipigia simu hakuahidi kitu kwangu. Hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia kama ahadi inatimizwa. Na ukitaka kulalamika, malalamiko ya kwanza unayapeleka kwa afisa masuuli, yaani mkurugenzi wa halmashauri ileile, kabla hujafika kwenye Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma. Tuna TAKUKURU na sheria yake ya 2007, tuna sheria ya 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi. Sawa. Lakini nina nini mkononi? Simu ya dakika tatu kuhusu maji ya kunywa.

Ndipo nikaanza kusoma kuhusu kitu kinachoitwa mkataba wa uadilifu. Uliasisiwa na shirika la Transparency International miaka ya 1990, na wazo lake si gumu. Kabla zabuni haijaendelea, ofisi inayonunua na wazabuni wote wanasaini mkataba mmoja. Ofisi inaahidi kwamba watumishi wake hawataomba wala kupokea, hawatavujisha bei ya mzabuni mmoja kwa mwingine, hawatapika vigezo ili vimfae mtu fulani. Wazabuni wanaahidi hawatatoa, hawatapanga bei pembeni, na watataja kila wakala waliyemlipa na kiasi walichomlipa. Halafu linakuja jambo ambalo fomu yetu haina: mwangalizi huru. Huyu anaruhusiwa kuona nyaraka, kukaa kwenye vikao, kwenda saiti, na kutoa taarifa kwa wananchi, kuanzia vigezo vinapoandikwa mpaka kazi inapokabidhiwa. Na adhabu zimeandikwa humohumo: mkataba unavunjwa, dhamana ya benki inachukuliwa, kampuni inalipa fidia, inafungiwa.

Huo ni mkataba, si ahadi. Tofauti hiyo ndiyo makala yangu yote. Desemba 2015 Rais Magufuli alisaini hati ya Ahadi ya Uadilifu pale Ikulu, na viongozi wengine wakasaini, picha zikapigwa. Sina ugomvi na picha. Ila ahadi ukiivunja unaona aibu, kama aibu unayo. Mkataba ukiuvunja unapoteza hela.

Turudi nyuma kidogo, maana wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa au mlikuwa mnanyonya. Mwaka 1999 serikali ilisaini kununua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilisema bei ni kubwa mno. Huko London kwenyewe waziri Clare Short, ndani ya serikali ya Tony Blair, alipinga tusiuziwe. Tukauziwa. Baadaye wachunguzi wa Uingereza wakagundua kwamba karibu theluthi moja ya bei, dola milioni 12.4, ilipitia kwa wakala wa soko hapa nyumbani. Theluthi moja, makamanda! Sisi tulikuwa tunaombwa asilimia kumi tukaona dunia imeisha.

Desemba 2010 kampuni ilikiri mbele ya mahakama ya London kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Siyo rushwa, kumbukumbu. Ikapigwa faini ya pauni laki tano, na ikatoa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya wananchi wa Tanzania, fedha zilizofika 2012 na kupelekwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Watu wakaziita chenji ya rada. Nami nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi wakati huo. Sijui kama mmeliona hilo: tumeibiwa kwenye rada, tukarudishiwa madawati, halafu madawati nayo yakageuka kuwa dili.

Hebu tazama nani alifanya nini kwenye stori ile. Waingereza ndio waliochunguza. Waingereza ndio waliopatana na kampuni yao. Jaji wa Uingereza ndiye aliyepitisha. Sisi tulikuwa tumekaa nje ya chumba tunasubiri kuitwa tupewe bahasha. Hapa nyumbani hakuna kiongozi hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa suala la rada. Kitu tulichobaki nacho ni neno "vijisenti".

Sasa linganisha na India. Februari 2010 India ilisaini kununua helikopta 12 za kubebea viongozi kutoka AgustaWestland kwa yuro milioni 556 hivi. Kabla ya hapo pande zote zilikuwa zimesaini mkataba wa uadilifu, maana India ilikuwa imeanza kuutumia kwenye manunuzi makubwa ya ulinzi. Mwaka 2013 polisi wa Italia wakamkamata bosi wa kampuni mama kwa tuhuma za hongo kwenye biashara ileile. Tarehe 1 Januari 2014 India ikavunja mkataba, na sababu iliyoandika ni hii: mmekiuka mkataba wa uadilifu na mkataba wenyewe wa ununuzi. Helikopta tatu zilikuwa zimeshafika. Ikaenda moja kwa moja kwenye dhamana za benki. Haikusubiri chenji.

Nisiwadanganye kwamba stori inaishia pazuri hivyo. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Milan iliwaachia wakubwa wa kampuni ile, ikasema ushahidi hautoshi. Kwa hiyo mtu anaweza kuniuliza: je, India haikuwaonea? Swali la haki kabisa. Jibu langu ni kwamba kumfunga mtu jela na kuvunja naye biashara ni vitu viwili. Jela inataka ushahidi usioacha shaka. Biashara inataka masharti mliyokubaliana. Lakini nakubali pia kwamba serikali yenye nia mbaya inaweza kutumia kifungu hichohicho kumfukuza mkandarasi asiyepiga makofi. Ndiyo maana mwangalizi asiwe mtu wa serikali. Na India yenyewe inalaumiwa hapo, kwa sababu waangalizi wake wengi ni maofisa wastaafu, mzee anamkagua mdogo wake wa ofisini.

Wengine watasema, lakini hata bila mkataba wa uadilifu si tunaweza kuvunja mkataba mchafu? Tulijaribu. Mnaikumbuka Richmond? Mwaka 2006, nchi gizani, Tanesco ikaingia mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na kampuni ambayo kamati teule ya Bunge ya Dk. Harrison Mwakyembe ilikuja kusema haikuwa na uwezo. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, mawaziri wawili wakafuata, Baraza likavunjwa. Wakati huo mkataba ulikuwa umeshahamia kwa Dowans. Mwaka huohuo Tanesco ikauvunja. Tukashangilia. Novemba 2010 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa ikaamuru Tanesco iilipe Dowans takriban Sh94 bilioni. Hoja kwamba ununuzi wenyewe ulikiuka sheria haikuiokoa Tanesco. Nani alilipia? Angalia bili ya umeme ya mama yako.

Nikisoma hukumu ile na uamuzi wa India pamoja naona kitu kimoja. Ukitaka kutoka kwenye ndoa mbaya bila kulipa mahari mara mbili, masharti ya kutoka yaandikwe siku ya kuingia. Hasira za Bunge, hata zikiwa za haki, hazisomwi Paris.

Na kwa kuwa nimemtaja Lowassa, ngoja nimalize. Yeye mpaka anafariki 2024 alisema alionewa, na mahakama haikuwahi kumtia hatiani. Ila sisi upinzani tulizunguka nchi nzima miaka saba tukimtaja kwenye orodha ya mafisadi, halafu 2015 tukampigia kampeni awe rais. Nilikuwa kijana mdogo, nilivaa fulana, nilikimbia nyuma ya gari. Wakubwa wetu walikuwa na sababu zao za kisiasa na wamezieleza. Mimi nasema tu kwamba tangu siku ile, tukisimama kuhubiri ufisadi kuna mtu nyuma ya umati anatabasamu. Hotuba nyingine kali haitamfuta huyo tabasamu. Atabadilika akiona tumejifunga wenyewe kwa maandishi.

Hapa ndipo nataka tubanane.

Kati ya 2015 na 2020 tulikuwa na mameya na wenyeviti wa halmashauri Arusha, Moshi, Iringa, Mbeya, Jiji la Dar es Salaam. Najua utetezi wetu na ni wa kweli: mkurugenzi anateuliwa na Rais, mkurugenzi ndiye afisa masuuli, bodi ya zabuni ni yake, diwani hana kiti pale. Wengi walifungwa mikono kwelikweli. Lakini baraza la madiwani lina azimio. Lina kamati ya fedha inayopokea taarifa za utekelezaji. Meya anaweza kusimama hadharani akasema: mimi na madiwani wangu tunasaini kwamba hakuna diwani wetu atakayempigia simu mzabuni, hakuna kampuni ya ndugu wa diwani itakayoomba bila kutajwa, na tunamtaka mkurugenzi asaini na wazabuni kwenye mradi huu wa stendi, na huyu hapa mwangalizi tuliyempendekeza, mhandisi mstaafu, mwanamke mmoja wa soko, na mwalimu. Mkurugenzi akikataa, amekataa mbele ya kamera. Nimejaribu kutafuta halmashauri yetu moja iliyofanya hivyo. Sijaipata.

Watu watasema wananchi wa kawaida hawawezi kuangalia zabuni, ni mambo ya kitaalamu. Hii hoja naichukia. Kwenye ujenzi wa madarasa na zahanati kwa ule utaratibu wa serikali kutumia mafundi wa hapohapo, kuna kamati za wanakijiji za kununua, za kupokea vifaa, za kusimamia ujenzi. Mama mwenye kitenge anahesabu mifuko ya saruji inaposhuka kwenye lori na anakataa kusaini ikipungua miwili. Kamati nyingine ni mihuri tu ya mtendaji, sikatai. Lakini uwezo upo. Mexico wana kitu wanakiita shahidi wa jamii, raia au taasisi inayokaa ndani ya zabuni kubwa kwa mujibu wa sheria na kutoa ushuhuda wake hadharani. Umoja wa Ulaya nao ulifadhili mikataba ya uadilifu kwenye miradi 18 katika nchi 11, kwa hiyo msiambiwe ni dawa ya nchi maskini peke yake.

Wala si dawa ya kila ugonjwa. Uwanja mpya wa ndege wa Berlin ulikuwa na mkataba wa uadilifu, na bado ulifunguliwa Oktoba 2020, miaka tisa baada ya tarehe iliyopangwa mwanzo. Uzembe, michoro mibovu, mifumo ya moto isiyofanya kazi. Mkataba wa uadilifu haumfundishi mhandisi kazi. Na hauna msaada wowote pale serikali inapoamua kutoshindanisha kabisa, ikamchagua mtu mmoja chumbani. Huko tunahitaji vita nyingine.

Kuhusu NeST nitasema kidogo tu, maana kuna wenzetu wanaponda kila kitu cha serikali hata kizuri. Mfumo umesaidia. Tangu 2023 hatupangi tena foleni kununua nyaraka, hakuna bahasha inayopotea masijala, na Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo imeulazimisha. Ila namba yangu ya simu iko humo, na kuna binadamu anayeiona.

Rafiki yangu mmoja mfanyabiashara, mwana-CCM wa damu, nilimweleza haya yote. Nilidhani atacheka. Akaniambia kitu kilichonishangaza: "Mdogo wangu, unadhani sisi tunapenda kutoa? Mimi natoa kwa sababu najua fulani atatoa. Tukifungwa wote kwa kamba moja, mimi wa kwanza kusaini." Ni hoja ileile niliyotoa mimi kwenye kikao cha madawati, ila yeye aliigeuza upande wa pili. Tusipotoa sisi atatoa mwingine. Basi tumzuie na mwingine.

Kwa hiyo nimeanza na kilicho karibu. Chama wilayani kwetu kinajiandaa kuagiza fulana, bendera na kukodi vipaza sauti kwa ajili ya ziara. Ni hela ndogo, milioni chache, michango yenu na yangu. Na kila mwaka kunakuwa na minong'ono kwamba fulana zilitoka kwa shemeji wa fulani. Nimeandika rasimu ya mkataba wa uadilifu, kurasa mbili, Kiswahili cha kawaida. Katibu anasaini, mweka hazina anasaini, kila mwenye duka anayeleta bei anasaini. Bei zote zinabandikwa ukutani ofisini na kwenye grupu la WhatsApp. Mwangalizi ni mtu asiye na cheo. Nilimpendekeza dada mwenyekiti wa kikundi chetu, ambaye hata si mwanachama. Akaniuliza atalipwa nini. Nikamwambia nauli. Akasema nauli inatosha, ila bomba la jukwaa atalibonyeza mwenyewe.

Barua nimeipeleka kwa katibu wa wilaya Jumatatu. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaniambia, "Kijana, unataka kutuletea mambo ya Ulaya." Nikamjibu kwa heshima zote kwamba ni mambo ya madawati. Amesema itaingia kwenye kikao cha kamati tendaji mwisho wa mwezi. Wewe nawe wilayani kwako mnanunua kitu gani hivi karibuni? Nani anakinunua, na nani anaona bei? Rasimu ninayo. Ukiitaka sema hapo chini, nitakutumia, irekebishe ufanane na hali ya kwenu, halafu niambie katibu wako alisemaje.